Sura ya Saba: Maua Ndani ya Ndoo za Maziwa

Tuanze kwa kusimama kimya kidogo, kwa heshima ya marehemu. Marehemu ni mstari mmoja wa vichaka vya haskapu, yale matunda madogo ya buluu, uliokuwa mpakani mwa shamba la akina Kuwajima, hapa Atsuma, kusini mwa kisiwa cha Hokkaido, Japani. Umeacha shimo refu, mitaro miwili ya magurudumu ya trekta, na binti mmoja mwenye hasira.

Binti mwenyewe hakusimama kimya. Chinami Kuwajima alikuwa ameshuka kwenye basi la asubuhi kutoka Sapporo, akapita nyumbani bila kuingia, akaenda moja kwa moja shambani kuona kama maua yamefunguka. Yalikuwa yamefunguka. Mistari yote ya vichaka vitamu ilikuwa imejaa vikengele vya rangi ya siagi, viwili viwili, vikining'inia chini ya majani. Ila pale mwisho, upande wa mto, palikuwa na udongo mtupu. Viatu vyake vya mjini vilizama matopeni, naye hakuvihurumia.

“Baba!”

Mzee Teruo alikuwa upande wa pili wa shamba, ameinamia pampu ya maji ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Alikuwa akiitengeneza tangu basi lilipoonekana barabarani.

“Baba, hiyo pampu ni nzima. Geuka.”

“Karibu nyumbani, mwanangu. Umekula?”

“Mstari wa Mama uko wapi?”

Mzee akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama daktari anayejiandaa kutoa habari mbaya. “Vilikuwa vichungu,” akasema.

“Najua vilikuwa vichungu. Nimeuliza viko wapi.”

“Mwaka jana tunda moja chungu liliingia kwenye boksi. Moja tu! Yule muoka keki akarudisha mzigo wote, na pale ushirika watu wakanicheka mbele ya macho yangu. Uchungu unaambukiza, Chinami. Ukikaa na vichungu, vitamu navyo vinaharibika.”

“Hauambukizi! Ni nani aliyekuambia kwamba uchungu ni mafua?”

Vichaka hivyo vilikuja na Shigeno, mama yake Chinami, siku alipoolewa. Maharusi wengine walikuja na makabati. Yeye alikuja na vichaka vyenye udongo wa kinamasi cha kwao bado umeshika mizizi, vya mwituni, kila kimoja na uchungu wake. Akavipanda mpakani. Matunda yake hayakuuzwa kamwe. Shigeno aliyatia chumvi, akayafungia kwenye chupa, na kila siku ya kazi alizika tunda moja katikati ya tonge la wali. Alifariki miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo Chinami ndiye aliyetia chumvi.

“Baba, nisikilize,” akasema Chinami, akijitahidi kutopiga kelele, na akishindwa. “Hivi vitamu vyote ulivikata matawi kutoka kichaka kimoja. Wewe mwenyewe! Ni kichaka kimoja kilichojipanga foleni. Haskapu haijizalishi yenyewe. Inataka chavua ya kichaka kingine, cha damu nyingine. Hapa damu nyingine ilikuwa ya Mama, basi.”

“Nyuki wataleta kutoka kwa akina Onodera.”

“Ng'ambo ya mto? Kwa upepo huu?”

Upepo ulikuwa ukitoka baharini, baridi, na ulijibu kwa niaba ya mzee. Chinami akageuka kutazama mistari mirefu ya maua. Majira yote ya baridi alikuwa amesimama ghorofa ya chini ya duka kubwa la Sapporo, amevaa aproni, akiwapa watu jemu kwenye vijiko vidogo. *Hii ni zabibu?* Si zabibu, mama. Haskapu. *Has nini?* Mpaka hatimaye watu wakaanza kurudi, wakaanza kuleta mashoga zao, na mnunuzi wa duka akasema wakati wa mavuno wataweka haskapu za Atsuma mbele kabisa, pale mlangoni. Mavuno gani sasa? Maua haya yote yangeanguka bila kuacha kitu.

Ndipo akafikiria jambo.

“Nani aliving'oa? Mgongo wako siku hizi haung'oi hata figili.”

Mzee Teruo akarudi kwenye pampu.

“Baba.”

“Kijana alileta trekta.”

“Kijana yupi?”

“Huyo wa Jumapili,” akasema mzee, akiiambia pampu.

Jumapili familia mbili zilikuwa zipeane zawadi za uchumba. Kijana wa Jumapili alikuwa mmoja tu.

“Lini?”

“Theluji ilipokuwa inakaribia. Majani yalikuwa yamekwisha kupukutika.”

Chinami alikumbuka Mwaka Mpya. Alikuwa amekuja nyumbani, theluji imefika kiunoni, shamba lote limelala jeupe na sawasawa kama shuka la bweni siku ya ukaguzi. Ryohei Onodera, mchumba wake, alisimama naye dirishani, bega kwa bega, shavu limejaa mochi, ile mikate laini ya mchele wa kunata, akatazama theluji iliyofunika shimo lile, akasema, “Kuzuri, eh?”

*Kuzuri, eh.*

Akachukua funguo za pikapu kwenye msumari.

“Hujala!” baba yake akaita.

*

Ng'ambo ya mto, Mama Onodera alikuwa mlangoni mwa zizi, anasugua ndoo za maziwa. Fusae Onodera ni mwanamke mfupi mwenye mikono ya mtu mrefu. Mume wake alimwachia ng'ombe wachache, mistari ya haskapu na mtoto mmoja wa kiume, na katika hivyo vyote ni mtoto tu aliyetakiwa na watu wengine. Sharti la Mzee Teruo lilijulikana Atsuma nzima: atakayemwoa Chinami ataingia nyumba ya Kuwajima na kuchukua jina la Kuwajima. Ryohei alikuwa amekubali. Mama yake alikuwa hajakubali, ila hakuna aliyemuuliza.

“Binti Kuwajima! Mnamchukua mapema? Nilidhani mmenipa mpaka Jumapili.”

“Yuko wapi?”

“Na mimi sijambo.”

“Hujambo, mama. Yuko wapi?”

“Viatu gani hivyo? Huko Sapporo ndivyo mnavyolimia?”

“Mama, tafadhali.”

“Nimemzaa, nikamlisha, nikamfundisha kukamua,” akasema Fusae, na kila neno likapata msuguo wake kwenye ndoo. “Leo baba yako anataka abadili jina kama mtu anayetoroka polisi.”

“Basi furahi. Leo tuko upande mmoja. Hata mimi simtaki.”

Mkono wa Fusae ukasimama. “Humtaki?” Akaweka ndoo chini. “Kwa nini humtaki? Ana kasoro gani?”

“Mama, si wewe uliyekuwa—”

“Mimi ni mama yake, naruhusiwa. Wewe sema, ana kasoro gani?”

“Ameua vichaka vya mama yangu!”

Fusae akacheka kwa pua. “Ameua? Na vile vinavyokula samadi yangu nyuma ya zizi ni nini, mizimu?”

*

Vilikuwa pale. Vilikuwa vimepandwa kwenye kinga ya ukuta wa zizi, mbali na upepo, vimezungushiwa majani makavu, na vimechanua. Chinami alivitambua kabla hajavifikia. Shigeno alikuwa na tabia ya kufunga uzi wa sufu wa waridi kwenye vichaka ambavyo uchungu wake uliifaa chumvi. Miaka mingi ilikuwa imepita, na magome yalikuwa yameota juu ya uzi, hata ukaonekana kama kovu la rangi. Chinami akapiga magoti, akagusa kovu lile kwa kidole. Nyuki wanene wenye manyoya walikuwa kazini juu ya kichwa chake, wanaingiza nyuso katika kila kikengele, kelele zao kama darasa ambalo mwalimu ametoka.

Ryohei alitokea pembeni ya ukuta na ndoo ya samadi.

Hapa inabidi kusema ukweli usiopendeza. Alikuwa mzuri. Alikuwa na samadi mpaka kwenye nyusi, gambuti lake la kushoto lilikuwa limepasuka, na bado alikuwa na yale macho ambayo yakikutazama unasahau ulichotumwa dukani. Chinami alikuwa hajayaona tangu Mwaka Mpya. Moyo wake, kwa ujinga wake wa kawaida, ukaruka. Akauchukia.

“Ulisema unarudi kesho,” akasema Ryohei.

“Nimerudi leo ili usipate muda wa kutengeneza uso.”

“Chinami, nilitaka kukuambia.”

“Lini?”

“Mwaka Mpya.”

“Mwaka Mpya ulikula mochi zetu zote.”

“Nilikuwa naogopa. Nikiogopa nakula.”

“Usinichekeshe! Usithubutu kunichekesha!” Akasimama. Magoti yake yalikuwa na matope na samadi. “Kila Jumatano ulinipigia simu. Kila Jumatano! Ukaniambia habari za ng'ombe, za barabara, za paka wa posta aliyezaa. Nikakuuliza shamba linaendeleaje, ukasema linalala. Linalala, Ryohei?”

“Mzee alisema vichaka vikiendelea kuwapo, hakuna arusi. Akasema niving'oe na nivichome siku hiyohiyo, na wewe usijue mpaka tumeshaoana. Nikasema ndiyo.” Akaweka ndoo chini. “Halafu nikavifikisha kwenye shimo la moto, nikaona ule uzi. Nikashindwa. Nikavileta huku usiku uleule, na udongo wake.”

“Na Baba ukamwambia nini?”

“Kwamba vimeungua.”

“Na mama yako?”

“Kwamba ni mbegu mpya kutoka kituo cha utafiti.”

“Nilijua!” ikasikika sauti ya Fusae kutoka upande wa pili wa ukuta. “Mbegu mpya gani ina shina kama paja la ng'ombe?”

“Mama, tunaongea!”

“Ongeeni. Nani amewazuia?”

Chinami alishusha sauti, na hapo ndipo Ryohei alipoogopa kweli. “Unataka nikushukuru?”

“Hapana.”

“Uso wako unataka nikushukuru.”

“Labda kidogo.”

“Umemdanganya baba yangu ili akupende. Umemdanganya mama yako ili asikuulize. Umenidanganya mimi ili nisikasirike. Katika habari hii yote waliojua ukweli ni ng'ombe. Wewe kila mtu unampa ndiyo, Ryohei. Ndiyo Mzee, ndiyo Mama, ndiyo mpenzi. Mimi ndiyo ninazo za kutosha! Nimeshinda miezi na miezi nikiwaambia wanawake wa Sapporo ndiyo mama, karibu mama, onja mama. Sikuwa natafuta mume wa kuniambia ndiyo. Siku moja tutakuwa na mtoto mgonjwa, nitakuuliza kama homa imepanda. Utaniambiaje? Utaniambia inalala?”

Nyuki mmoja alitua begani kwa Ryohei, akakagua, akaona si ua, akaondoka.

“Ulitaka zaidi kuwa mtoto wa Baba kuliko kuwa mume wangu,” akasema Chinami. Akavua pete. Haikutoka haraka, kwa sababu vidole vilikuwa vimevimba kwa baridi, na kuvuta pete isiyotoka mbele ya mtu unayemwacha ni jambo la aibu sana. Ryohei alinyoosha mkono kumsaidia. “Usiniguse!” Ikatoka. Akamwekea kiganjani. “Jumapili hakuna kitu. Sawa?”

Alikuwa akingoja lile neno. Alikuwa amelifahamu tangu walipokuwa shule, lile *ndiyo* lake laini la kumaliza ugomvi.

Ryohei aliitazama pete. “Si sawa,” akasema. “Lakini nimekusikia.”

*

Mzee Teruo aliwasili kwa baiskeli, jambo ambalo hupunguza ukali wa mtu yeyote. Alikuwa ameendesha dhidi ya upepo, masikio yamekuwa mekundu, na suruali imefungwa kwa kamba kifundoni. Alikuja kumtetea kijana wake. Akaona vichaka.

“Hivi ni nini?”

Hakuna aliyejibu. Hata ukuta, uliokuwa na Fusae nyuma yake, ulinyamaza.

“Uliniambia umevichoma.”

“Nilikudanganya, Mzee,” akasema Ryohei.

“Uliniapia! Mbele ya picha ya mke wangu, ukakaa kwenye mkeka wangu, ukanywa chai yangu—”

“Ulimwapisha mbele ya picha ya Mama?” Chinami akageuka taratibu. “Ulimweka mbele ya Mama, ukamwapisha kuchoma vichaka vya Mama?”

“Wewe hujui!” Mzee akaitupa baiskeli chini, ikaendelea kuzungusha gurudumu. “Wewe ulikwenda Sapporo! Mimi nilibaki. Kila nikifungua dirisha, ule mstari. Kila mavuno namwona amepiga magoti pale na kofia yake ya majani. Namwita aje kula, halafu nakumbuka. Nilichoka kuutazama, Chinami. Nilichoka!”

Upepo ulipita juu ya paa la zizi. Chinami alikuwa analia sasa, na hilo lilimkasirisha zaidi.

“Na mimi je?” akasema. “Mimi nilikuwa sijachoka kuutazama. Mbona hukuniuliza?”

Mzee aliinua baiskeli yake, akaiegemeza ukutani, akaanza kunyoosha usukani ambao haukuwa umepinda.

Chinami akajifuta uso kwa mkono wa koti. Nyuki walikuwa bado wakifanya kazi kwenye maua machungu, wanatoka na vumbi la njano miguuni. Alitazama juu. Mawingu yalikuwa yanajikusanya baharini, na kila mtu wa Atsuma anajua mawingu yale: leo kavu, kesho mvua, na mvua ikinyesha juu ya maua yaliyokwisha kufunguka, habari imekwisha. Kuhamisha kichaka chenye maua ni kukiua. Kukiacha hapa ni kukosa mavuno kule.

“Nipe mkasi,” akasema.

“Upi?” akauliza Ryohei.

“Wa kupogolea. Na ndoo. Ndoo zote.”

Ukuta ukapata uhai. “Ndoo zangu?” Fusae akatokea, brashi bado iko mkononi. “Ndoo za maziwa?”

“Tunakata matawi yenye maua, tunayaweka majini, tunayasambaza shambani kwetu kila baada ya vichaka vichache. Nyuki watafikiri Mama yumo.” Akamgeukia Fusae. “Mama, tafadhali. Zitarudi.”

“Zikiwa safi?”

“Zikiwa safi.”

Fusae alimtazama binti, akamtazama mwanawe aliyeshika pete kama mtu aliyeokota jino. “Mnanifanyia kituko,” akasema, akaenda kuleta ndoo.

Walikata bila kuongea. Mkasi ulilia, matawi yakaanguka, nyuki wakalalamika. Chinami alishika tawi nene la kichaka chenye uzi, lililojaa maua kuliko yote, akafungua mkasi.

“Hapana,” akasema Ryohei.

Mkasi ukasimama hewani. “Umesemaje?”

“Hapana. Hicho mizizi yake haijashika vizuri, ukikitoa tawi hilo kitakufa. Kata hapa chini, haya madogo.”

“Usiniamrishe.”

“Nakuamrisha. Ondoa mkasi.”

Walitazamana juu ya maua. Ilikuwa ni mara ya kwanza, katika miaka yote ya kupendana, Ryohei kumkatalia kitu bila kuomba radhi mwishoni. Mashavu yake yalikuwa yamewaka. Mkono wake ulikuwa umelizuia tawi, na hakuurudisha nyuma.

Akakata pale alipoonyeshwa. Hakusema asante.

*

Basi ikawa hivi: Chinami Kuwajima, aliyerudisha pete asubuhi, alivuka daraja la Atsuma akiwa na pikapu iliyojaa mashada ya maua kuliko arusi yoyote iliyowahi kufungwa wilayani, na aliyempa mashada hayo ameketi nyuma kabisa, amekumbatia ndoo ili zisimwagike, anapigwa na upepo. Fusae alikaa mbele kulinda mali yake. Baiskeli ya mzee ilifuata kwa mbali.

Walisambaza ndoo katikati ya mistari. Mzee Teruo aliwasha pampu, ambayo, kama kila mtu alivyojua, ilikuwa nzima, akapita na mpira akijaza maji. Alipofika kwenye ndoo ya mwisho, mahali palipokuwa na shimo, alisimama.

“Haya yananuka kama yeye,” akasema.

“Maua ya haskapu hayanuki, Baba.”

“Najua,” akasema mzee, akaendelea kushika mpira mpaka maji yakafurika.

Jua lilikuwa juu walipomaliza. Chinami aliingia ndani, akavaa gambuti, akatoka na sahani ya matonge ya wali yaliyofungwa mwani. Chupa ya mwisho ya matunda ya chumvi ya mwaka jana ilikuwa imebaki na machache. Alikuwa ameyatumia yote. Akampa Fusae, akampa baba yake, akaenda mpaka pale Ryohei alipokaa peke yake juu ya ndoo iliyogeuzwa, akamsukumia moja.

Tangu walipokuwa kidato cha pili, kila Ryohei alipopita, Shigeno alimpa tonge. Naye kila mara alikula, akainama kwa heshima, akasema, *Tamu sana, mama.* Kwa ajili ya neno hilo Shigeno alimpenda kuliko vijana wote wa bonde.

Ryohei aliuma. Akafika katikati. Uso wake ukajikunja kama soksi iliyofuliwa kwa maji ya moto.

“Tamu?” akauliza Chinami.

Alitafuna kidogo. Machozi yalimtoka. “Chungu,” akasema.

“Tangu lini?”

“Tangu kidato cha pili.”

“Miaka yote hiyo?”

“Nilikuwa nameza bila kutafuna.”

Chinami alibaki na mdomo wazi. “Mama alijua?”

“Sina hakika,” akasema Ryohei. “Lakini alikuwa ananiongezea.”

Kicheko kilimtoka Chinami kabla hajakikamata, kibaya, cha puani, kama cha mtu anayepaliwa. Alimwona mama yake: kofia ya majani, uso mtakatifu, akimtafutia mgeni tunda chungu kuliko yote, siku baada ya siku, akingoja kijana wa watu aseme kweli. Akacheka mpaka akalazimika kushika ndoo. Kisha akanyamaza ghafla.

“Bado nimekasirika.”

“Naona.”

“Kuna jingine? La kweli? Litoe lote leo, sitaki kulipata kwa mafungu.”

Ryohei alitazama upande wa pili wa mstari, ambako Mzee Teruo alikuwa ametulia, tonge mkono mmoja, mpira wa maji mkono mwingine. Akasimama. “Mzee,” akasema, sauti ikapanda kama ya mtoto aliyeitwa ubaoni. “Sitaki kuitwa Kuwajima. Sikutaka hata siku niliyosema ndiyo.”

Mpira wa maji ulimwaga maji juu ya kiatu cha mzee. Fusae aliinua uso kutoka kwenye wali wake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakupata la kusema.

“Huyu kijana!” Mzee akaanza.

“Baba, ngoja zamu yako,” akasema Chinami. “Hilo la jina tutagombana kesho. Leo nina hasira nyingine, bado sijaimaliza.” Akamgeukia Ryohei. Walikuwa karibu sana. Aliweza kuona chavua ya njano kwenye kope zake. “Jumapili usije na zawadi. Majani yakipukutika, njoo na koleo. Urudishe mstari wa Mama pale ulipoutoa, na uzi wake. Siku hiyo ukimaliza, uniulize tena.”

Ryohei akagusa mfuko ulioficha pete. “Ukisema hapana?”

“Basi utajua ni hapana ya kweli. Mimi sijifunzi kudanganya kwa ajili yako.”

Nyuki mnene alitoka kwenye ndoo iliyokuwa kati yao, mzito, miguu imejaa vumbi. Akayumba hewani kwa muda, akapima upepo, kisha akatua kwenye ua la kwanza la kichaka kitamu, akazamisha uso wake wote ndani. Wote wanne walimtazama kama watu wanaotazama mpira wa mwisho wa mechi.

Sahani ilikuwa na tonge moja lililobaki. Chinami akaliinua, akalitazama, akamwekea Ryohei mkononi.

“Na hili,” akasema, “utafune.”